Nilivichezesha Vidole Mwenyewe

Kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Ile ganzi iliyokataa siku ya upasuaji wangu, mimi ndiye niliyeiharibu!

Mimi nashona akala, vile viatu vya tairi, sokoni Kariokor. Siku hiyo kisu cha kukatia tairi kiliteleza kikanichana kiganja, kidole gumba kikagoma kukunjika. Hospitalini wakasema mshipa wa kidole umekatika, lazima ushonwe, na mkono mzima utatiwa ganzi.

Daktari wa ganzi alikuwa dada wa umri mdogo, mpole. Akanionyesha sindano iliyofungwa waya kwenye kimashine. "Hii inapeleka stima kidogo kwa neva. Vidole vikiruka vyenyewe, najua nimefika, naweka dawa. Wewe usisaidie, sawa?"

Stima! Mimi ambaye nyaya za umeme mtaani Majengo zilishanirusha hadi kwa jirani!

Akanichoma kwapani. Kimashine kikawa kinalia ti, ti, ti. Akasogeza sindano huku, akasogeza kule. Uoga ukanishinda. Nikaanza kurusha vidole mwenyewe, nikifuata ule mlio, ili tu amalize.

"Ni hapo!" akasema kwa furaha.

"Umeweza, dokta!" nikamjibu. Shetani mkubwa mimi!

Akaweka dawa. Baadaye akanifinya. "Unaskia?"

"Siskii kitu!"

Nilikuwa nasikia, ila niliamini ganzi iko njiani. Haikufika. Kisu kilipogusa, nilimtaja mama yangu, nyanya yangu, na mambo ambayo Mkristo hataji mbele ya watu.

Ikabidi wanilaze usingizi kabisa. Kidole kilishonwa, kikapona. Lakini nikiwa bado wodini, nilimsikia mkubwa wa yule dada wa ganzi akimfokea pale mlangoni: kama hajui kutafuta neva, arudi shule. Mdomo wangu haukuwa na ganzi, na bado nilinyamaza.

Nilipopona nilimshonea akala, saizi ya kukisia, nikampelekea. Machozi yakamlengalenga.

"Pole sana, kaka. Nilikuumiza. Siku hizi hata hawaniachii sindano peke yangu."

Hapo ndipo ningesema. Badala yake nikamwambia, "Usijali, dada. Nimekusamehe."

Nimemsamehe! Mimi! Akanishukuru, jamani, akazivaa palepale. Naona aibu hadi leo, na sijapata nguvu ya kurudi.

Nyinyi mtakaolala kwenye kile kitanda cha upasuaji, acheni vidole viruke vyenyewe. Na ukishaharibu, sema upesi, kabla uliyemkosea hajakuomba wewe msamaha.