Kabati la Arlette

Arlette Sorbo alipouza shamba na kuhamia fleti yenye chumba kimoja juu ya duka la dawa, majirani tulidhani ameachana na mambo ya kutengeneza risasi zake mwenyewe. Wapi! Alitafuta kabati kuukuu la shuka, akafunga ndani yake ubao mnene unaokunjwa, akaukazia mtambo wake wa mkono wa kushindilia risasi. Juu akaweka mizani, pembeni makopo ya baruti, kila kopo na jina lake. Milango ikifungwa, mgeni anaona kabati la shuka tu. Hakuwa anamficha polisi, maana hapa jimboni Montana hilo si kosa. Aliwaficha wajukuu, na watu wenye mikono mirefu. Ufunguo aliuvaa shingoni.

Marehemu mumewe, Harlan, alipoteza jicho kwa bunduki iliyopasuka msituni. Risasi ile alipewa na rafiki aliyechanganya baruti za aina mbili. Tangu hapo Arlette hakupiga kulungu kwa risasi iliyojazwa na mkono mwingine.

Msimu wa majani kuanguka alilazwa kwa upasuaji wa goti, akamwachia binti yake Janelle ufunguo, moto usije ukatokea akakosekana wa kufungua. Aliporudi akichechemea, alifungua kabati na kusimama palepale. Mizani imesogezwa. Kwenye kopo moja, chembe ndefu na chembe za duara zimelala pamoja. Na kwenye boksi kulikuwa na risasi mpya asizozijua.

Nilisikia mlango wake ukibamizwa nikadhani jengo linaanguka.

Jumapili ile, kama Arlette alivyonisimulia, Janelle alikuwa amepika nyumbani kwake nyama ya kuoka na viazi. Mumewe, Tyrel, alikuwa amekaa mezani na watoto wao, kofia kichwani. Arlette aliweka kopo katikati ya meza, karibu na mchuzi.

"Nani kaingiza mikono kwenye kabati langu?"

Tyrel akacheka. "Mama mkwe, pole na goti. Nilikuwa nawaonyesha washikaji tu. Tukatengeneza chache. Baruti iliyobaki nikairudisha kwenye kopo, sikuitupa."

"Kopo lipi?"

"Lililokuwa wazi. Si zote ni baruti?"

"Zote ni baruti!" Arlette alipiga meza, mchuzi ukamwagika. "Harlan naye aliambiwa hivyo hivyo. Ungemtoboa nani jicho, wewe? Mimi? Au huyu mtoto ukimpeleka porini?"

"Mama, hakuna aliyeumia," Janelle akasema. "Ni baruti kidogo tu. Unapiga kelele mbele ya watoto."

"Wewe ndiye uliyempa ufunguo?"

Janelle akainamia sahani. Hilo ndilo lililomchoma Arlette kuliko yote. Mpumbavu alimjua tangu siku ya harusi. Lakini kwa binti yake, aliyemzika baba mwenye jicho moja, hakulitegemea.

"Vua kofia mezani," alimwambia Tyrel, akachukua kopo lake akatoka bila kula.

Kesho yake nilimbebea makopo hadi chini. Hakuamini tena kopo hata moja. Yote, hata yale yaliyoonekana hayajaguswa, aliyamwaga kidogo kidogo kwenye bustani nyuma ya jengo, akilaani kwa kila kiganja. Risasi za Tyrel alizifumua moja moja, jasho likimtoka, akikataa nisaidie. "Uchafu wa familia yangu huu," alisema. "Naufagia mwenyewe."

Mwaka huo aliwinda kwa risasi za dukani, jambo alilolisema kama anatema mate. Alipiga kulungu dume mnono. Akanituma nipeleke paja kwa Janelle.

"Mwambie ni la watoto."

Nilifika, Tyrel akalipokea yeye, akasema asante, uso umeiva kwa aibu. Akaniuliza kama mama mkwe bado ana hasira.

Nilimpa Arlette salamu hizo. Alikuwa anabadilisha kufuli ya kabati, bisibisi mkononi.

"Mwambie ndiyo," akasema, bila kugeuka. "Na aache kutuma watu. Miguu anayo, aje aniombe msamaha mwenyewe."

Tyrel hajaja mpaka leo. Janelle huja peke yake siku za Jumatano, wanakunywa kahawa, na hakuna anayetazama upande wa kabati.