Wasichana Waliokuwa Wakipita Tu

Ozella Gatewood alikaa miaka thelathini kwenye kiti cha mapokezi cha daktari wa meno, na alipostaafu akaagwa kwa keki na saa ya ukutani. Angeweza kutulia nyumbani akala karanga zake za kuchemsha, lakini udadisi ulikuwa umemkaa mwilini. Chama chake cha akina dada, kile alichojiunga nacho akiwa mwanafunzi, kilijua hivyo, ndiyo maana kikamtuma vyuoni kote Mississippi kuchungulia wapi panafaa kufunguliwa tawi jipya, na tawi gani lililokufa linaweza kufufuliwa.

Akifika chuoni hakuanzia kwa mkuu. Alianzia chumba cha kufulia nguo, kwa sababu msichana anayesubiri mashine husema mengi kuliko anayehojiwa. Kisha alikwenda jikoni kuwauliza wapishi ni nani hushukuru akipewa chakula. Vyooni alisoma yaliyoandikwa milangoni. Mkuu wa chuo alikuwa wa mwisho, na mara nyingi ndiye aliyejua kidogo kuliko wote.

Aprili hiyo alitumwa Pine Bethel, chuo alichosoma mwenyewe. Tawi lake, Lamda, lilikuwa limezimika tangu mwaka 1977, na makao makuu ya chama yalikuwa yamechoka kungoja. Kama hadi Jumamosi adhuhuri hayatapatikana majina kumi na mawili ya wasichana wanaokitaka chama, jina la Lamda litapewa chuo kingine na mambo yaishie hapo. Ozella alikuwa na miaka sitini na minane. Alilitaka tawi hilo lirudi kuliko alivyotaka kitu chochote, na hakumwambia mtu.

Aliandamana na Kendria, binti aliyefanya kazi makao makuu, aliyemwita Dada kama sheria ya chama inavyotaka, ingawa Ozella angeweza kumzaa mama yake.

Alhamisi jioni walipanga viti sitini katika ukumbi wa vioo, wakaweka biskuti na sharubati. Wakaja wasichana wawili. Wa kwanza aliulizia chumba cha kwaya. Wa pili alifunga biskuti kwenye karatasi akaenda zake.

"Dada Ozella, hapa hakuna kitu," Kendria alisema. "Tufungashe tuondoke."

"Umeona nini?"

"Sijaona mtu. Ndicho nilichoona."

"Basi hujaangalia."

Lakini yeye mwenyewe alikuwa bado hajaelewa. Asubuhi ile, kwenye chumba cha kufulia, msichana aitwaye Tamirra alikuwa amempisha kiti, na katikati ya maongezi akataja mwaka ambao Lamda ilianzishwa na idadi ya waanzilishi wake. Hakuna aliyemuuliza. Jikoni nako mpishi alisema kila Jumatano kuna wasichana wanaowapelekea wazee chakula, kama Lamda walivyokuwa wakifanya zamani, na ukiwauliza nani kawatuma hawasemi. Iweje watu wajue habari zote za kitu wasichokitaka? Swali hilo lilimwasha kama upupu.

Ijumaa alirudi kule kule. Tamirra alikuwa anakunja mashuka.

"Mwanangu, jana mbona hukuja?"

"Nilikuwa na mtihani, mama."

"Mtihani gani wa saa moja jioni?"

Tamirra alicheka, akatupa jicho mlangoni. "Bibi yangu alikuwa wa chama. Aliniambia, ukikitaka funga domo lako, anayekitaja hakipati. Wote hapa tumelelewa hivyo. Sasa nyie mnatupangia viti mbele ya madirisha ya vioo! Nani chizi aje akae pale?"

Ozella alihisi masikio yanawaka moto. Sheria hiyo aliijua. Aliwahi kuitumia.

"Kesho saa moja asubuhi," alisema hatimaye, "nitakuwa makaburi ya zamani nyuma ya kanisa, nang'oa magugu. Simwaliki mtu."

Jumamosi walikuja thelathini na mmoja.

"Nilikuwa napita tu, mama," alisema wa kwanza.

"Hata mimi, napita tu."

"Na reki?" Kendria alimuuliza.

"Huwa napita nayo."

Walifanya kazi mpaka majina ya marehemu yakasomeka. Saa tano na nusu Kendria akatandaza fomu juu ya boneti ya gari, akaweka kalamu. Kila msichana alimtazama mwenzake, na hakuna aliyesogea.

"Dada, imebaki nusu saa," Kendria alinong'ona. "Majina hayajiandiki."

Ozella alijua wanachoogopa, maana yeye mwenyewe aliwahi kuwaogopesha wengine kwacho. Alipiga moyo konde akasimama mbele ya gari.

"Makao makuu wanaamini Lamda ilikufa kwa kukosa wasichana," alisema. "Ndivyo nilivyoandika mimi, nikiwa mwenyekiti wake. Ni uongo. Walikuwapo wanane. Mmoja wao alisimama bwaloni akasema, nataka kuwa dada yenu. Nikamcheka mbele ya watu wote. Nikawakataa wanane wote kwa kiherehere cha mmoja, nikasubiri waje walio kimya. Hawakuja. Tulipohitimu sisi, tawi likafa. Nililiua mimi." Aliona aibu, tena aibu kubwa, na hakujaribu kuificha. "Kendria, na hilo liandike kwenye ripoti."

Kendria aliziba mdomo, kisha akaandika.

Tamirra alipangusa udongo mikononi, akaichukua kalamu.

"Mimi nakitaka," alisema kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, akaandika jina lake.

Wa pili akafuata, kisha watatu kwa mpigo, kisha foleni ikazunguka gari. Ilipogonga adhuhuri kulikuwa na majina ishirini na sita, na Kendria alikuwa anahesabu mara ya tatu huku akicheka peke yake. Lamda ilikuwa imerudi.

Tamirra alikuja kusimama karibu na Ozella.

"Mama, yule uliyemcheka aliitwa nani?"

"Earline Busby."

"Yuko wapi siku hizi?"

Ozella, aliyewauliza wapishi, wafuaji na wafagizi wa Mississippi nzima, aliinama akang'oa gugu moja lililosalia.

"Sijui," alisema. "Sijawahi kuuliza."