Subiri Mpaka Aseme Ila

Nakumbuka Jumatatu moja, mwanangu, nimevaa viatu vya kuazima vilivyonizidi vidole viwili, nimetia karatasi kisiginoni visinivuke, na kichwa nimekibeba juu kama mtu anayekwenda kuapishwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Siku hiyo nilikaribia kumpotezea mtu jicho lake. Sikufanya kwa ubaya. Nilijua kitu nusu, nikakionea fahari kizima.

Nitakusimulia kwa mpangilio, maana jambo hili likivurugwa halifundishi.

Wakati huo nilikuwa nakaa kwa mama yangu mdogo, mtaa wa Tibirinzi, hapa hapa Chake Chake. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na mwalimu wangu wa Kiingereza alipostaafu alinirithisha kamusi yake nene, jalada lake limeliwa na mende. Kamusi ile niliisoma kama msichana asomavyo barua ya posa. Nikaona kuwa maneno madogo ya Kiingereza ndiyo yenye ukoo mkubwa. Moja nililipenda kupita yote, nalo ni 'fine'. Sisi huku tumelipokea kwa upande wa adhabu tu, tukaliita faini, ile unayotozwa mbuzi wako akila mpunga wa watu. Kwa wenyewe lakini ni kitambaa laini, ni mchanga uliochekechwa, ni siku isiyo na mvua, ni dhahabu isiyochanganywa, ni kazi ya mkono wa fundi, na ni mtu mwenye afya njema. Zote nilizihifadhi, nikawa nawasomea majirani barazani, watake wasitake.

"Neno moja kazi zote hizo!" mama mdogo alisema siku moja, huku anachagua mchele. "Basi lilete humu ndani, Maryamu, lituchotee na maji."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, ila moyoni nilijiona nimesimama mahali wao hawajafika.

Hapo ndipo walipokuja madaktari wa macho, wageni kutoka nje, waliofungua kambi ya wiki mbili kuwatoa watu mtoto wa jicho, ule ukungu unaomzibia mtu mboni mpaka asiuone mkono wake. Walitafuta wakalimani. Nikachukuliwa. Mkubwa wao alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, sisi tulimwita Daktari tu. Na mkubwa wetu sisi wenyeji alikuwa Bi Zuhura, muuguzi wa siku nyingi, mnene wa mwili na mwepesi wa macho, aliyekuwa akiingia wodini kimya ukashtukia yuko nyuma yako.

Kazi ilikwenda hivi. Mgonjwa akishapasuliwa hulala kambini, na asubuhi ya tatu Daktari hupita na orodha yake kitanda kwa kitanda. Swali ni moja: hali yako vipi leo, una maumivu? Asiye na maumivu huandikwa gari, arudi kwao. Mwenye maumivu huingizwa chumba cha giza akaangaliwe kwa mashine. Kwa hiyo kati ya gari na chumba cha giza nilisimama mie, na viatu vyangu vya kuazima.

Jumatatu ile ilikuwa siku ya mwisho ya kambi. Wageni walikuwa wanasafiri kesho yake kwa ndege ya asubuhi, na gari la watu wa kaskazini lilikuwa limeshawashwa, linanguruma uani. Kitanda cha mwisho alikuwako Bi Mwanakombo wa Msuka, kule ncha ya kaskazini, mwanamke wa makamo, msukaji wa mikeka. Jicho lake la kulia lilichomwa na mwiba wa mkindu tangu mtoto, akiwa porini kukata ukindu wa kusukia. Lile la kushoto, lililopasuliwa, ndilo alilobaki nalo. Kwa mtu huyu hakukuwa na jicho la akiba.

"Hujambo, bibi? Daktari anaulizia hali yako," nikamwambia.

"Hatujambo, mwanangu, alhamdulillahi. Nyie hamjambo? Wa kwenu wote hawajambo?"

"Fine," nikamwambia Daktari.

Daktari akaitazama bandeji, ilikuwa kavu, akatia alama kwenye karatasi.

"Ila..." Bi Mwanakombo akasema.

Mwanangu, neno lile nililisikia. Nisingekuwa na haja ya kukuhadithia haya kama nisingelisikia. Nililisikia vizuri, lakini nilikuwa nimeshageuka, Daktari ameshaanza kutoka, na mie nilipenda kutoka pamoja naye, sambamba, watu waone. Nikajiambia ni maneno ya wazee tu. Gari likapakia, likaondoka.

Nilikuwa jikoni nanywa chai Bi Zuhura alipoingia. Mkononi ameshika kikombe kilichojaa na kipande cha mkate.

"Hivi vya nani?" akaniuliza.

"Sijui, bibi."

"Vya Bi Mwanakombo. Nimevikuta chini ya kitanda. Mtu mwenye safari ya mpaka Msuka haachi chai yake. Alikwambia nini asubuhi?"

"Alisema hajambo."

"Na baadaye?"

"Baadaye nini?"

Bi Zuhura akakiweka kikombe juu ya meza, taratibu.

"Maryamu, weye mzaliwa wa wapi?"

"Wa hapa, bibi."

"Basi nitajie Mpemba mmoja, mmoja tu, aliyekutajia ugonjwa wake kabla hajamshukuru Mungu na kukuulizia wa kwenu. Hata mwenye kufa atasema hajambo kwanza, kisha ndipo akuage. Weye umemtafsiria salamu. Ugonjwa umeuacha mdomoni mwake."

Ile 'ila' ikanirudia sikioni. Nikamwambia yote. Nilidhani atanipiga kofi. Hakunipiga, na afadhali angenipiga. Alisema tu, "Ana jicho moja yule," kisha akatoka mbio, na mwanamke wa mwili wake si wa mbio.

Wakati huo simu za mikononi zilikuwa za wachache, na dereva wa gari lile hakuwa miongoni mwao. Bi Zuhura akamwita Mzee Faki, mtunza ghala, aliyekuwa na pikipiki kuukuu ambayo hakuna mwengine aliyeweza kuiwasha.

"Mpande nyuma," Bi Zuhura akaniamuru. "Mie nakwenda kumzuia Daktari asifunge mashine zake."

"Kamata vyema, mkalimani," Mzee Faki akaniambia. "Ukianguka njiani sigeuki kukuokota. Wa kuokotwa leo ni mwengine."

Tulikwenda. Kila tulipopanda kilima nilidhani nitaliona gari chini yake, na kila tulipofika juu barabara ilikuwa tupu. Buibui langu lilijaa upepo, kiatu kimoja kilikuwa kinataka kunivuka, na mie nilikuwa nasoma kila dua niliyofundishwa chuo cha Kurani, hata zile za kula na za kulala. Watu husema mficha maradhi kilio humuumbua. Lakini Bi Mwanakombo hakuficha chochote. Mie ndiye niliyemfichia.

Tulilikuta Konde, Msuka si mbali. Dereva alikuwa amesimama sokoni kununua muhogo. Nasema tena, mwanangu, muhogo. Mpaka leo nikiona muhogo wa Konde naushukuru. Bi Mwanakombo alikuwa kwenye siti ya dirishani, kiganja amekifunika juu ya bandeji, anajitikisa kidogo kidogo kama anayembembeleza mtoto.

"Hujambo, bibi?" nikasema, pumzi zimenijaa.

"Hatujambo, mwanangu, alhamdulillahi. Ni yule binti wa kambini, sauti naijua. Hujambo weye?"

"Sijambo, bibi."

"Mamako hajambo?"

"Hajambo."

"Na huyo aliyekuleta, naye hajambo?"

"Hajambo," Mzee Faki akadakia, "ila kiuno."

Abiria wakacheka. Mie nilikuwa nimeshika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili, jasho linanitiririka, natamani kumvuta maneno kwa mkono. Sikumvuta. Nilisubiri. Sijawahi kusubiri kitu kama nilivyolisubiri neno lile.

"Ila jicho, mwanangu," akasema kwa sauti ya kuomba radhi. "Tangu alfajiri lanidunda kama kinu, na ule mwangaza niliokuwa nimeanza kuuona pembeni mwa bandeji umerudi kuwa maziwa. Nilitaka kusema, mkawa mmeshapita. Nikaona basi, watu wana kazi zao, nisiwe mzigo."

Tulimrudisha kwa gari lile lile. Wenziwe wakateremka kungojea Konde, na hakuna aliyenung'unika.

Daktari alikuwa ameshafunga masanduku mawili. Ilinibidi kumwambia. Maji nilikuwa nimeshayavulia nguo, nikayaoga: nikamweleza kwa Kiingereza changu chote, na kwa mara ya kwanza sikutafuta neno zuri, nilitafuta la kweli. Nilimwambia mgonjwa hakuwa mzima, na kwamba alitaka kusema nami nikamkata. Alimwingiza Bi Mwanakombo chumba cha giza, akakaa naye muda mrefu, kisha akatoka akaagiza masanduku yafunguliwe. Jicho lilikuwa limeanza kuingia usaha kwa ndani. Alisema lingefika kesho lingekuwa limekwenda. Wenzake wakaondoka na ndege ya asubuhi. Yeye alibaki.

Siku nne zilizofuata nilimhudumia Bi Mwanakombo mwenyewe, sindano ikija namshika mkono, chakula kikija namlisha. Hakunilaumu hata kwa jicho, nalo lilikuwa limefungwa. Tena Daktari naye alipata somo. Aliniuliza neno lile ni lipi, nikamtajia. Tangu hapo akiingia wodini kwa waliobaki, alimwacha mgonjwa amalize salamu zake zote mpaka za shangazi na mjomba, kisha huinua nyusi na kusema, "Ila?" Wagonjwa wakicheka, na wakishacheka husema.

Asubuhi ya tano bandeji ikafunguliwa. Tulikuwa watu wanne chumbani, na hakuna aliyekuwa akipumua. Bi Mwanakombo akapepesa, akatazama dirishani, akamtazama Daktari, akamtazama Bi Zuhura. Kisha jicho likateremka kwangu, kutoka kichwani mpaka chini, likatua sakafuni.

"Mwanangu," akasema, "viatu hivyo umeazima? Mbona vimekuzidi?"

Bi Zuhura alicheka mpaka akakaa kitako juu ya sanduku. Mie nilicheka na kulia pamoja, nikavivua pale pale, nikabaki miguu mitupu. Sijapata kuona aibu tamu kama ile.

Bi Mwanakombo aliishi miaka mingi baada ya hapo akisuka mikeka. Mmoja alinitumia mimi, nao ndio huu ninaoswalia.

Sasa nisikilize, mwanangu. Sikukatazi kujifunza lugha za watu. Jifunze, na ujue kila neno lao linakaa nyumba ngapi. Mie niliyajua ya 'fine' yote, na si neno hilo lililonitia makosani. Lililonitia makosani ni letu. Nilizijua maana sita za neno la wageni, lakini 'hatujambo' ya bibi wa Msuka nilidhani ina maana moja. Kumbe mwenye njaa husema hajambo, mfiwa husema hajambo, na mwenye jicho linalooza husema hajambo, kwa sababu kwetu ile ni shukrani na adabu, ni kama kumfungulia mgeni mlango. Habari yenyewe iko ndani. Aliyeishia mlangoni asiseme ameijua nyumba.

Siku hizi simu uliyoishika inajua maana nyingi kuliko kamusi yangu iliyoliwa na mende. Lakini haitakuambia mtu hajamaliza kusema. Hilo utalijua kwa kukaa. Basi ukisimama kati ya mtu na mwenye kumsaidia, uwe muuguzi, uwe mwalimu, uwe karani wa ofisi, usiwe na haraka ya kuonekana. Kuuliza si ujinga, na kuuliza mara ya pili ni utu. Na siku utakapokosea, maana utakosea, likimbilie kosa lako mapema kabla halijafika Msuka. La kwangu nililipata Konde, na mpaka leo namshukuru Mungu kwa umbali uliobaki.

Mola akufungulie ndimi za watu, na akupe subira ya kuwasikiliza wa kwenu. Akujaalie kila aliye na neno asiondoke mbele yako nalo. Na viatu utakavyovaa viwe vya kipimo chako. Amin.