Kadi ya Kuonyesha Mikono ya Dada

Jina la Bi Kwanini halikutoka kwa wazazi wake. Alijitafutia mwenyewe kwa mdomo wake. Akiwa na miaka sita alimuuliza daktari aliyekuja na sindano kwa nini ncha yake imekatwa mshazari, na hakukubali kudungwa mpaka ajibiwe. Akajibiwa, akadungwa, akalia, akauliza swali jingine. Kuuliza si ujinga, ndiyo, lakini yule alizidi.

Sasa ana miaka hamsini na miwili na hajapona. Alianza maisha kwa kuandika mabango ya maduka kwa brashi, akahamia kuyasanifu kwenye kompyuta, na miaka miwili iliyopita akaongeza kazi ya video. Chumba chake cha kazi kina dirisha moja, taa mbili za miguu mitatu, shuka ya buluu iliyonyooshwa ukutani, na meza yenye laptop kuukuu. Mbele ya shuka hiyo husimama dada yake mkubwa, kiziwi tangu utotoni, akifundisha hesabu na sayansi kwa lugha ya alama. Bi Kwanini hurekodi, huhariri, kisha hupeleka somo kwenye shule ya watoto viziwi. Masomo arobaini yalikuwa yameshakwenda.

Kisha mwalimu mkuu akamtumia video fupi ya darasa. Watoto thelathini walikuwa wakirudia somo kwa mikono, vizuri kabisa, na walipofika mwisho, wote kwa pamoja walipeleka kidole kwenye nyusi na kukishusha ghafla, kama mtu aliyeng'atwa na siafu. "Hiyo ni alama gani?" aliuliza mwalimu. "Wameiga kwenye masomo yako. Shule ikifunguliwa tunataka masomo safi, la sivyo tutafute mtu mwingine."

Bi Kwanini alijua kosa ni lake. Laptop yake haikuwa na kadi ya michoro ya peke yake, ile inayobeba kazi ya picha. Alipokuwa akihariri, picha ilishikwa na kigugumizi: mikono ya dada iko hapa, mara iko pale, na katikati hapaonekani kitu. Alikuwa akikata kwa kubahatisha. Dada amemaliza, anafuta jasho la taa, kata hapo. Kumbe mkasi ulichelewa, na nusu ya lile jasho ilikwenda hadi darasani. Mtoto anayesikia, picha ikikatika, bado ana sauti. Mtoto kiziwi akikatiwa mkono amekatiwa neno. Aibu ilimshika hata hamu ya chakula ikapungua, na hakumwambia dada chochote. Dada mwenyewe hapendi kujitazama kwenye kioo cha kompyuta, kwa hiyo siri ilikaa.

"Twende dukani ukanisaidie kubeba," alimwambia tu asubuhi moja kwa mikono.

Muuzaji alikuwa kijana mwenye miwani na subira ya kiasi. Alifungua mchezo wa magari yanayopinduka na kuwaka moto. "Ona hiyo, mama! Kadi kali sana hii."

"Mimi siendeshi magari, mwanangu. Nakata video. Kwa nini hii ni kali na ile si kali?"

Kijana akavuta pumzi. "Hii ina kumbukumbu yake yenyewe, gigabaiti nane. Ile haina, inaazima ya kompyuta."

"Ahaa. Na nguo ya kuazima haisitiri matako."

Kijana alicheka, na tangu hapo wakaelewana. Alimweleza kwamba kwa mabango peke yake angeridhika hata na kadi ndogo, ila video ndefu yenye rangi za kurekebisha inataka kumbukumbu pana. Alimwambia pia neno lililomtia hofu: kadi ya laptop imechomelewa ndani, haibadilishwi baadaye. Ukichagua umechagua.

"Basi nipe laptop mbili zenye nguvu nizijaribu, niweke kazi yangu mwenyewe."

Akatoa kwenye pochi flashi yenye masomo jinsi yalivyorekodiwa, kabla ya kukatwa. Mashine ya kwanza ilikuwa nyembamba, inang'aa, unaweza kuibeba kwapani. Ya pili ilikuwa nene na nyeusi, na kwa uzuri ilikuwa mwisho wa foleni. Kadi zilikuwa na jina lile lile na namba ile ile.

"Kama kadi ni moja, kwa nini maumbo mbalimbali?"

"Ni urembo tu, mama," alisema kijana, na hapo alikosea.

Bi Kwanini alizichezesha zote mbili masomo yale yale kwenye programu ya kuhariri, akavuta kiti, akamwekea dada kingine. Dakika kumi, zote laini kama mafuta. Kijana alianza kukunja nyaya. Dakika ishirini, nyembamba ikapata moto hata mezani, na kigugumizi kikaanza. Nene iliungurumisha feni zake, lakini mikono iliendelea kupita bila kukwama.

"Haina pa kupumulia," alikiri kijana, akiigusa. "Joto likizidi inajipunguzia kasi. Na hii nene kadi yake inapewa umeme zaidi. Sikuwahi kuziacha muda wote huo."

"Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," alisema Bi Kwanini, na alitaka kuongeza swali, lakini somo lilikuwa limefika mwisho na swali likamtoka kichwani.

Kwenye mashine nene, kidole cha dada kilipanda kwenye nyusi, wala hakikufuta jasho. Kilijikunja kama ndoano na kugeuka nje, taratibu. Lilikuwa jina lake, Kwanini, alama aliyopewa na dada huyo huyo utotoni. Kisha mikono ikaendelea: tumemaliza, njoo upumzike.

Bi Kwanini hakuwahi kuiona, kwa sababu wakati wa kurekodi huwa ameinama kuzima kamera, na kwenye laptop kuukuu ilimezwa na kigugumizi. Alifungua somo jingine. Ipo. Jingine. Ipo.

"Huwa unaniita kila somo likiisha?" aliuliza kwa mikono.

"Kila mara."

"Kwa nini hukuniambia?"

Dada alimtazama kama unavyomtazama mtu anayetafuta miwani iliyo usoni mwake. "Nilikuambia," alijibu. "Mara arobaini."

Ndipo Bi Kwanini akamsimulia yote: darasa, mwalimu, watoto thelathini wakitamka nusu ya jina lake. Dada alicheka hadi wateja wakageuka, kisha, ile mashine nene ilipolipiwa, akambebea mdogo wake mpaka nyumbani.

Masomo yalihaririwa upya kabla shule haijafunguliwa. Mikia ya masomo thelathini na tisa, pale dada anapomwita, aliikata safi. Wa somo la arobaini aliuacha mzima, akamweleza mwalimu sababu.

Wiki ya kwanza ya muhula video ya darasa ilifika. Watoto wasiowahi kumwona walimwita Kwanini, jina zima, wakamwambia njoo upumzike. Aliitazama mara mbili. Kisha akaiacha mashine ikiunguruma, akaenda sebuleni, akaketi karibu na dada.