Wakili wetu alishindwa ubunge Brussels, sisi tukafunga milango

Wakuu, habari za humu. Walio wadogo kwangu niamkieni kwanza, ndipo msome.

Haya niliyaona kwa macho yangu, sitaongeza chumvi. Nimeishia darasa la nne, kwa hiyo makosa ya kuandika mnivumilie. Makosa ya ukweli hamtayaona.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, Brussels, mtaa wa Molenbeek. Mimi ni mtu wa Kigoma. Niliolewa Uvira, ng'ambo ya ziwa, na mume wangu alipopata kazi ya udereva ubalozini tukaja wote Ubelgiji. Akafariki hukohuko, nikabaki nasafisha ofisi za watu.

Binti yangu Neema alikuwa amebaki Uvira. Mumewe alikuwa mwalimu, na watu walipogombea uchifu kwao, yeye alisimama upande wa mgombea mmoja.

Upande wao ukashindwa.

Asubuhi wakaja watu, wakamchukua. Hakurudi mpaka leo. Neema akanifuata Brussels na watoto wawili, akaomba ukimbizi.

Akakataliwa. Siku ya kuhojiwa alikuwa kama bubu. Anaulizwa "uliogopa nini?" yeye anatazama sakafu. Mumewe aliponzwa na watu kujua yuko upande gani. Sasa Neema ataanzaje kumtajia mtu asiyemjua nani alikuwa upande wa nani?

Rufaa yake ikachukuliwa na Maître Anselme. Maître ndivyo wanavyomwita wakili kule. Mkongo wa Bukavu, alikuja kusoma akiwa kijana, akachukua uraia. Mtu mrefu, mpole, suti moja ya kijivu kiangazi na baridi. Tukapangiwa siku ya kusikilizwa, Jumanne moja mwezi wa sita.

Neema akikataliwa tena, anarudishwa na wanawe. Hilo mliweke kichwani mnaposoma.

Basi siku moja kabla ya hapo naenda kununua nyama kwa Mmoroko, naona dirishani picha ya Maître wetu. Anatabasamu, na jina lake kubwa chini. Anagombea ubunge wa mkoa wa Brussels! Uchaguzi Jumapili, siku mbili tu kabla ya Jumanne yetu.

Nyama sikununua. Nilienda ofisini kwake moja kwa moja.

"Maître, una akili wewe?"

"Bonjour, Maman. Keti kwanza."

"Siketi. Hukuweza kungoja kesi ya mwanangu iishe ndipo ukagombane na wakubwa?"

"Sigombani na mutu, Maman. Naomba tu kiti."

"Na ukikikosa?"

"Nikikikosa, nakikosa. Dossier ya Neema, kesi yake, inabakia palepale."

Nilimtazama nikaona mtoto. Mtu mzima na vyuo vyake vyote, hajui kiti kinagombewa vipi.

Najua kuna kijana humu ameshaanza kucheka, anasema Bibi alikuwa mshamba. Ngoja nimalize. Sisi tulikotoka, mtu akishindwa hashindwi peke yake. Wanashindwa ndugu zake, aliyempikia chai na aliyemkopesha baiskeli. Na anayetafuta wakili kwa mtu aliyeanguka, naye wanamtia kwenye hesabu.

Ghorofa ya juu alikaa Maman Régine, mwanakwaya kutoka Goma, ameolewa na Mbelgiji. Kati yetu yeye pekee ndiye alikuwa na kura. Kanisani tulimpigia Maître makofi mpaka viganja vikawaka moto, lakini uraia hatuna. Makofi hayahesabiwi.

Régine akaja kwangu, akafunga mlango kabla hajasalimia.

"Maman Neema, badilisha avocat. Huyu wakili akianguka, anaanguka na batu yake."

"Nani kakwambia?"

"Juge atajua. Bale banajuaka yote."

Neema naye akadakia, "Mama, tumwache huyu."

Nikamkaripia. Mtu amekaa na wewe saa nzima unalia, hajakuharakisha, leo umwache kwa sababu ya picha ya dirishani? Nilisema kwa ukali, lakini nawaambia ukweli, ukali ule ulikuwa wa mtu asiye na hakika.

Jumapili ikafika. Kule kupiga kura ni lazima, usipoenda unatozwa faini. Na Molenbeek walikuwa wanapigia kwenye mashine yenye kioo kama televisheni na kalamu ya kugusia majina. Régine akarudi amekunja uso.

"Ile mashini iliniangalia, Maman."

"Mashine inaangaliaje?"

"Nimegusa jina yake na ile kalamu. Alors, sasa nayo inajua jina yangu."

Matokeo yakaanza kutoka kwenye televisheni. Chama chake kilipata viti, lakini walikuwa wamemweka chini kabisa kwenye orodha, na kura zake hazikutosha kumpandisha. Maître Anselme hakupata.

Hata sahani sijaondoa mezani, Régine huyo anashuka ngazi na sanduku la nguo na sufuria mbili. Kwangu ni chini, alisema, kuna mlango wa nyuma. Mumewe anamfuata, Mzungu wa watu na ndala zake, anauliza kuna nini jamani.

"Nyamaza, chéri. Tumeshindwa."

Tukafunga mlango, tukateremsha mapazia. Yule Mzungu akakaa kwenye kochi langu, akapewa chai, akanywa. Hakuuliza tena.

Jumatatu watoto wa Neema hatukuwapeleka shule. Asubuhi simu ikalia. Mwalimu wao.

"Watoto wanaumwa, Madame?"

"Hapana."

"Mbona hawajaja?"

Nikamwambia wakili wetu ameshindwa uchaguzi.

Kwa upole kabisa, bila kunicheka, akasema, "Ninasikitika, Madame. Na watoto?"

Wakuu, nilishika ile simu nikatazama sufuria za Régine pale sakafuni, nikatazama mapazia, nje jua linawaka na mtu anapita na mbwa wake. Hakuna aliyekuja. Hakuna hata aliyekuwa na habari na sisi.

Nikavaa viatu. Régine akanishika kanga, nikamtoa mkono. Nilitaka kujua kama wakili wa mwanangu yu hai, na kama kesho tunaye au hatunaye.

Njiani nilijiandaa kukuta vioo vimevunjwa. Nikakuta mlango wa ofisi uko wazi. Maître yuko chumba cha nyuma, suruali kaikunja mpaka magotini, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, na faili la Neema mapajani analisoma.

"Maman! Kesho ni neuf heures, saa tatu asubuhi, musichelewe."

"Hujakimbia?"

"Nikimbilie wapi na hii miguu?"

"Tulifikiri wamekuua."

Akacheka. Kisha akaona mimi sicheki, akaacha.

"Nasikia haya kidogo, Maman. Na miguu inaniuma, juu ya kutembea mulango kwa mulango. Ni ile tu."

Nikavuta kiti, nikakaa. Miaka yote ile sikuwahi kumsikia mtu akitaja gharama ya kushindwa ikawa ni aibu kidogo na maumivu ya miguu.

Jumanne tukafika mapema. Tumekaa kwenye korido, akatokea bwana mmoja mnene amevaa joho la mawakili. Nikamjua kwa picha zake, zilijaa mtaa mzima. Ni wa chama kingine, na yeye ubunge alikuwa ameupata.

Neema akanishika mkono mpaka kucha zikaniingia. "Mama, huyo si ndiye..."

"Ndiye. Kaa."

Yule bwana akaja moja kwa moja kwa Maître. Akampa mkono, akampiga bega. Kifaransa changu ni cha ndoo na ufagio, lakini hicho nilikielewa, maana walikuwa wanazungumza habari za miguu! Mshindi akavua kiatu kuonyesha kisigino kilivyochubuka. Maître naye akainua wake. Watu wazima wawili, mmoja kashinda mmoja kashindwa, wanalinganisha malengelenge kwenye korido ya serikali.

Alipoondoka akamwinamishia Neema kichwa, akamwambia, "Bon courage, Madame," yaani jipe moyo.

Neema akamfuata kwa macho mpaka akapotea. Akaniuliza polepole, "Mama, kwani hawa hawaji kuchukuana asubuhi?"

"Inaonekana hapana."

Tukaitwa ndani. Mkubwa wa tume ya rufaa ni mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Akauliza swali lilelile, uliogopa nini?

Neema akainua uso. Akaanza. Nani alikuwa upande wa nani, nani alikuja asubuhi ile, mumewe alikuwa amevaa shati gani, na kwamba chai yake aliiacha mezani. Mkalimani alimwomba apunguze mwendo mara mbili. Mengine mimi mamaye nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza.

Maître alikuwa amejiandaa kwa hotuba ndefu, nilimwona na makaratasi yake. Akasimama, akasema maneno machache, akakaa.

Baada ya wiki kadhaa jibu likatoka. Neema amekubaliwa, yeye na wanawe.

Nilimpikia Maître dagaa wa ziwani, waliletwa na mgeni kutoka nyumbani. Alipokuwa anakula nikamuuliza kama atagombea tena. Akasema mara moja ilimtosha. Akaendelea na kesi za watu kama sisi, na wengi wanaoishi kule leo kwa amani wanakula jasho lake.

Kwa hiyo namshukuru kwa kutetea. Namshukuru kwa kugombea. Na Mungu anisamehe, namshukuru hata kwa kushindwa. Angeshinda, Neema angeona mshindi tu, na washindi alishawaona kwao. Mtu aliyeshindwa akaamka na kwenda kazini, hakuwa amemwona bado.

Nawashukuru pia yule mwalimu kwa kutonicheka, na mume wa Régine aliyekunywa chai yetu ya woga bila kulalamika.

Siwaambii Ulaya ni peponi. Nimesafisha vyoo vyao, nawajua. Lakini nilichojifunza ni hiki: ukitaka kuijua nchi, usiende kwenye ngoma ya aliyeshinda. Mtembelee aliyeshindwa, uone kama yupo nyumbani.

Haya, semeni nanyi. Huko mliko, mgombea akishaanguka, kesho yake anaamkia wapi? Na waliomfuata? Nataka mliyoyaona wenyewe, si ya kuambiwa. Atakayekuja kutukana chama cha mwenzake, nitamshughulikia mimi.