Beringi ya Klachi

Juzi, pale Moshono, gari la michezo lilisimama karibu nami, na kila mara dereva alipokanyaga klachi lilikwaruza. Nikamkumbuka baba, aliyekuwa fundi wa magari huko Tengeru.

Gari kama hilo aliletewa nyumbani mchana mmoja. Lilikuwa chini mno, akaliinua juu ya magogo, akatandika majani makavu ya mgomba, akalala uvunguni. Alishusha gia boksi, akachomoa beringi ya klachi na kunipa niizungushe. Ilinuka grisi iliyoungua, na ilikwaruza mkononi mwangu. Mpya ilizunguka kimya.

"Hiyo imechoka, mwanangu," alisema. "Tukibadilisha, kelele zinaisha."

Ndani, mama alikuwa akikohoa. Kifua chake kilikwaruza vilevile.

"Na mama utamfungua lini?" nikauliza.

Baba alinyoosha mkono tu, nikampa ile beringi mpya. Kisha nikakimbia kumwambia mama kwamba baba akimaliza gari atakuja kwake. Mama alicheka mpaka kikohozi kikamkatiza.

"Mwambie asichelewe," alisema. "Niko kwenye foleni."

Nilirudi na ujumbe huo, nikaufikisha kama ulivyo. Baba alibaki uvunguni, akivuta kamasi, spana zote zimelala nje. Nilidhani beringi imegoma kuingia, nikakaa chini kumsubiri.

Mama tulimzika kabla ya mavuno ya kahawa. Sasa ninajua kwamba beringi ile huvalishwa kwa mkono, kwa dakika moja tu.