Adhabu ya Maji

Mafundi walipomwagia mchanga maji leo uani kwangu, harufu ile ilinirudisha mtoni.

Ulikuwa mwaka wa ukame. Shuleni kwetu, aliyeanguka mtihani wa hesabu alitumwa kuwachotea walimu maji kwenye kisima kilichochimbwa katika mchanga wa mto mkavu. Siku hiyo tulianguka wanne, dadangu akiwa mmoja wetu. Kisima kilikuwa kirefu kuliko mtu mzima. Dada alishuka na debe, akainama kuchota, kisha akatulia akisikiliza.

"Mchanga unateremka," aliniambia alipopanda. "Twende."

"Tutachapwa!"

"Afadhali kiboko."

Wenzetu wawili walitucheka, na mmoja akashuka kisimani. Sisi tulirudi shuleni na madebe matupu. Mwalimu wa zamu hakutaka maelezo. Alimwinamisha dada mbele ya darasa, akaanza kumchapa.

Kiboko kilikuwa hewani tuliposikia mayowe kutoka mtoni. Yalikuwa ya mtoto mmoja tu.

Mwalimu alitoka mbio, na darasa lote likamfuata. Dada alibaki ameinama vilevile, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia asimame.